Tunarithi Nini Katika Damu?



Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Unajua kwamba herufi moja ikikosewa, neno zima hubadilika. Andika ubaoni: LIMA SHAMBA. Sasa futa herufi M, weka P. Umepata: LIPA SHAMBA. Mtu aliyetumwa kulima ataacha jembe, atakwenda kutafuta fedha. Herufi nyingine zote ziko mahali pake. Ni moja tu iliyobadilika.

Katika somo hili tutasoma habari za maandishi mengine. Hayo hayakuandikwa kwa kalamu. Yamo ndani ya miili yetu, na tumeyapata kwa baba na mama. Tutaona jinsi herufi moja iliyobadilika inavyoweza kumwua mtoto, na jinsi herufi hiyo hiyo inavyoweza kumwokoa mtoto mwingine. Tutaona pia kwamba mara nyingine haikubadilika herufi. Ukurasa mzima umepotea, au umeandikwa mara mbili.

Jambo hili linatuhusu sana sisi watu wa milima ya Upare na tambarare zake. Ziko nyumba ambamo mama ameitwa mchawi kwa sababu ya watoto wake kufa. Ziko ndoa zilizovunjika. Mbuzi wamechinjwa, waganga wamelipwa, na mtoto anayefuata ameugua vile vile. Afadhali tuelewe.

Maandishi ya mwilini

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Ndani ya karibu kila chembe yamo maelezo ya namna ya kuujenga mwili: rangi ya ngozi, umbo la pua, aina ya damu. Kila elezo moja huitwa jeni. Jeni zimefungwa katika mafurushi, nayo mafurushi hayo huitwa kromosomu. Mtu ana kromosomu 46. Kromosomu 23 alizipata kwa mama, na 23 alizipata kwa baba.

Kwa hiyo jeni nyingi unazo mara mbili, nakala moja ya mama na nakala moja ya baba. Ni kama kuwa na vitabu viwili vya somo moja. Kitabu kimoja kikiwa na kosa, mara nyingi kingine hutosha. Vyote viwili vikiwa na kosa lile lile, hakuna pa kusomea.

Lakini usidhani kwamba kila kinachoonekana katika ukoo kimetoka katika jeni. Zamani watu wengi wa milimani walikuwa na uvimbe wa shingo, mama na binti zake pia. Wengi walisema ni mambo ya ukoo. Kumbe sababu kubwa ni upungufu wa madini joto katika chakula, na ndiyo maana chumvi ya madini joto imesaidia. Vivyo hivyo meno ya kahawia ya wenyeji wa sehemu za Arusha. Hayo hutokana na floridi nyingi iliyomo katika maji ya kunywa. Jirani akihamia kule na mtoto mchanga, mtoto huyo naye atapata meno ya kahawia. Jeni haihamii kwa jirani.

Damu yenye umbo la mundu

Damu ni nyekundu kwa sababu ya kitu kiitwacho himoglobini. Kazi yake ni kubeba hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Himoglobini imo ndani ya chembe nyekundu. Chembe hizo ni za duara, laini, zimebonyea katikati. Kwa ulaini wake hupita hata katika mishipa myembamba kuliko unywele.

Sasa, katika jeni moja ya himoglobini, kwa watu fulani, herufi moja imebadilika. Badiliko hilo ni la zamani sana, maelfu ya miaka. Mtu aliyepata nakala iliyobadilika kwa baba na nyingine kwa mama hutengeneza himoglobini inayogandamana ikipungukiwa na hewa. Chembe zake hukakamaa na kupinda. Ukiziangalia kwa hadubini, utaona zimepinda kama mundu wa kukatia majani. Kwa hiyo ugonjwa huu unaitwa selimundu. Wengine huuita siko seli.

Wewe unayelima kwa maji ya ndiva utaelewa upesi kinachofuata. Fungua ndiva asubuhi, maji yateremke mferejini. Tawi moja lililopinda likinasa katika mfereji, majani yatanasa juu ya tawi, na matope juu ya majani. Shamba la chini halitapata maji, nayo mahindi yatanyauka. Ndivyo zinavyofanya chembe za mundu. Hunasa katika mishipa midogo, damu ikazuiliwa, na sehemu iliyokosa damu huuma vibaya sana. Mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa, na mama haoni jeraha lolote.

Tena chembe hizo hazidumu. Chembe nzima ya damu huishi karibu siku 120. Chembe ya mundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Mwili hauwezi kutengeneza nyingine kwa kasi hiyo, basi mtoto hupungukiwa damu, na macho yake huwa ya manjano.

Hapa pana jambo moja ambalo limewaponza wanawake wengi. Mtoto mwenye selimundu huzaliwa mzima kabisa. Miezi ya kwanza anatumia himoglobini ya aina nyingine, ile aliyokuwa nayo tumboni, na hiyo haina kosa. Inapopungua, karibu na mwezi wa sita, ndipo vidole vya mikono na miguu vinapovimba na homa kuanza. Watu husema, "Mbona alizaliwa mzima? Amerogwa." Hakurogwa. Alizaliwa na ugonjwa, ila ulikuwa haujapata nafasi ya kuonekana.

Daktari wa kwanza kuandika habari za chembe hizi katika jarida la udaktari alikuwa James Herrick wa Chicago, Marekani, mwaka 1910. Bila shaka wazee wa Afrika waliujua ugonjwa huu tangu zamani, kwa majina yao. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kasoro imo katika himoglobini yenyewe.

Nani alileta?

Fanyeni jaribio hili darasani. Leteni vibuyu viwili vidogo. Kibuyu cha kwanza ni baba, cha pili ni mama. Katika kila kibuyu tieni punje mbili za maharage, moja nyeupe na moja nyekundu. Nyeupe ni jeni nzima. Nyekundu ni jeni ya mundu.

Angalieni kwanza vibuyu. Baba ana nyeupe na nyekundu. Mama ana nyeupe na nyekundu. Wote wawili ni wazima. Wanalima, wanapanda mlima hadi Chome na kushuka. Nyeupe moja inawatosha. Hawajui kwamba wanabeba nyekundu.

Sasa mtu mmoja afumbe macho. Achomoe punje moja kwa baba na moja kwa mama. Huyo ndiye mtoto. Andikeni ubaoni alichopata, rudisheni punje, chomoeni tena. Fanyeni hivyo mara 40. Mtaona kwamba watoto karibu 10 wamepata nyeupe mbili. Karibu 20 wamepata nyeupe moja na nyekundu moja, kama wazazi wao. Na karibu 10 wamepata nyekundu mbili. Hao wa mwisho ndio wenye selimundu.

Kumbukeni kwamba punje zinarudishwa kibuyuni kila mara. Wapo wazazi walioambiwa "mmoja katika wanne", wakapata mtoto mgonjwa, wakashukuru kwamba watatu wanaofuata watakuwa wazima. Sivyo. Kila mimba ni kuchomoa upya. Nyumba moja yaweza kupata wagonjwa watatu wakifuatana, na nyumba ya pili ikapata watoto sita bila mgonjwa hata mmoja, ingawa wazazi wa nyumba zote mbili wanabeba jeni ile ile.

Sasa jibuni swali la kijiji. Mtoto mwenye nyekundu mbili, nani alimletea? Nyekundu moja ilitoka kwa baba na moja ilitoka kwa mama. Mama peke yake hawezi. Kwa hiyo mume anayemfukuza mkewe kwa sababu ya ugonjwa huu anamfukuza mtu aliyebeba nusu ya mzigo, na nusu nyingine anabaki nayo yeye mwenyewe. Mama mkwe naye asiseme sana, maana nyekundu ya mwanawe ilitoka kwake au kwa marehemu mumewe.

Kwa nini jeni hii haikwisha?

Utauliza: ikiwa jeni hii inaua watoto, mbona haikupotea tangu zamani? Swali zuri. Jibu lake liligunduliwa hapa Afrika Mashariki.

Anthony Allison alikuwa mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya. Mwaka 1949 alipima damu za makabila ya Kenya. Aliona kwamba wabebaji wa jeni ya mundu ni wengi karibu na pwani na karibu na Ziwa Victoria, na ni wachache nyanda za juu penye baridi. Akajiuliza: pwani na ziwani kuna nini ambacho juu hakipo? Kuna mbu, na malaria.

Baadaye alikwenda Uganda akapima watoto 290. Kati yao 43 walikuwa wabebaji wa jeni moja ya mundu. Katika hao 43, wenye vijidudu vya malaria katika damu walikuwa 12. Watoto waliobaki walikuwa 247, na wenye vijidudu walikuwa 113. Wewe umejifunza hesabu, kwa hiyo tafuta mwenyewe. Katika kila 100, wabebaji wenye vijidudu ni 28, na wasio wabebaji ni 46. Allison alitangaza habari hiyo mwaka 1954. Wengine hawakumwamini, lakini uchunguzi wa baadaye ulimthibitisha.

Basi jeni hii ina nyuso mbili. Nakala moja humkinga mtoto asife kwa malaria. Nakala mbili humletea selimundu. Mahali penye mbu wengi, wenye nakala moja walipona, wakakua, wakaoa, wakairithisha. Huko Bwamba, magharibi ya Uganda, karibu watu wanne katika kila kumi walikutwa wakiibeba.

Tazama sasa nchi yetu. Kilele cha Shengena kina mita 2,462. Teremka upande wa mashariki mpaka Ndungu na Kihurio kwenye mpunga. Kwa miguu ni safari ya siku moja, lakini kwa mbu ni nchi mbili mbalimbali. Penye baridi, kijidudu cha malaria hukua polepole ndani ya mbu, na mbu hufa kabla hakijakomaa. Mwaka 2005 watafiti walitangaza matokeo ya kupima vijiji vya miteremko ya Rombo, Upare na Usambara. Kadiri walivyopanda, ndivyo walivyokuta wagonjwa wachache wa malaria.

Wazee wa tambarare watakumbuka habari za Mpango wa Malaria wa Pare na Taveta. Kati ya mwaka 1955 na 1959 nyumba zilipuliziwa dawa iitwayo dieldrin. Mbu walipungua sana, watoto wakaongezeka damu, na vifo vya watoto wachanga vikapungua. Kupulizia kuliposimama, malaria ilirudi polepole. (Dawa hiyo ni sumu ya kudumu, na siku hizi imepigwa marufuku karibu duniani kote. Usiitafute.)

Zamani mtu wa mlimani alioa mlimani. Siku hizi vijana wanakutana Same mjini, sokoni Hedaru, Moshi, Tanga na Dar es Salaam. Bibi arusi anaweza kutoka Muheza au Mwanza. Ni jambo jema. Lakini asiseme mtu yeyote, "Sisi wa mlimani hatuna ugonjwa huo." Jeni hupanda basi pamoja na mwenye nayo.

Kurasa zilizopotea na kurasa zilizozidi

Mpaka hapa tumesema habari ya herufi iliyobadilika. Sasa tuseme habari ya idadi ya nakala.

Himoglobini hujengwa kwa vipande vya aina mbili. Vinaitwa alfa na beta. Herufi ya mundu imo katika jeni ya beta, ambayo tunayo nakala mbili. Jeni ya alfa ni tofauti. Hiyo tumepewa mara nne, mbili za baba na mbili za mama. Lakini watu wengi wa pwani ya Kenya na wa kaskazini mashariki ya Tanzania hawana zote nne. Wana tatu, au mbili. Kurasa zilipotea kwa mababu zao.

Mwenye nakala tatu hajui kitu, ni mzima. Mwenye mbili ana chembe nyekundu ndogo kidogo, na damu pungufu kidogo, lakini anafanya kazi zake zote. Katika nchi za Asia ya Kusini Mashariki wako watu wanaokosa tatu, nao ni wagonjwa. Mtoto aliyekosa zote nne kwa kawaida hufa tumboni au mara tu anapozaliwa. Kwetu Afrika ni nadra sana kukosa zaidi ya mbili.

Na kwa nini wako wengi hivyo? Sababu ni ile ile, mbu. Wachunguzi wa Kilifi, Kenya, waliona kwamba watoto wanaokosa nakala za alfa hawapati sana malaria kali. Hapo mtu anaweza kudhani kwamba mtoto mwenye kinga zote mbili, ya mundu na ya alfa, atakuwa na nguvu maradufu. Mwaka 2005 wachunguzi hao walitangaza kinyume chake. Kinga hizo mbili zikikutana katika mtoto mmoja, karibu zinafutana. Mimi kila nikilifikiria jambo hili huona kwamba mwili si gunia la kuongezea debe juu ya debe.

Wako pia wenye kurasa zilizozidi. Juu ya ngozi ya chembe nyekundu kuna vitu ambavyo kijidudu cha malaria hushika ili aingie ndani. Baadhi ya watu wa Afrika Mashariki wana nakala za ziada za jeni za vitu hivyo, zilizochanganyika. Damu yao inaitwa Dantu. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba damu ya Dantu hupunguza hatari ya malaria kali kwa karibu asilimia 40. Mwaka 2020 ilielezwa sababu yake. Ngozi ya chembe hizo imekazwa zaidi, kama ngozi ya ngoma iliyowambwa vizuri, na kijidudu hushindwa kuitoboa. Hata katika kijiji cha Nyamisati, kwenye delta ya Rufiji, watu wenye nakala hizo wamechunguzwa. Walionekana kuwa na damu nyingi kidogo kuliko wenzao.

Lakini ziada si heri kila mara. Mtoto akizaliwa na kromosomu namba 21 tatu badala ya mbili, anakuwa na maelezo mengi kupita kiasi. Huchelewa kutembea na kusema, na macho yake huwa na umbo la pekee. Mara nyingi moyo wake una kasoro. Hali hii inaitwa dalili za Down. Kwa kawaida hairithiwi. Hutokea wakati yai linapotengenezwa, nayo huzidi kadiri umri wa mama unavyokuwa mkubwa. Mtoto huyo hujifunza akifundishwa. Asifichwe ndani.

Kumtunza mtoto mwenye selimundu

Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi wa selimundu duniani. Inakadiriwa kwamba karibu watoto 11,000 huzaliwa nao kila mwaka. Zamani wengi walikufa kabla ya miaka mitano bila kupimwa. Siku hizi anayejulikana mapema na kutunzwa anaweza kukua, kusoma, kuoa au kuolewa.

Mtoto akivimba vidole, akiumwa mifupa mara kwa mara, akipungukiwa damu kila mara, mpeleke hospitali ya wilaya Same na uulize kipimo cha selimundu. Kutoka huko anaweza kupelekwa KCMC, Moshi. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, imekuwa ikifuatilia maelfu ya wagonjwa hawa tangu mwaka 2004.

Nyumbani, mpe maji ya kunywa mengi kila siku, hata akiwa shuleni. Mkinge na baridi. Mama wa Chome au Suji, ule ukungu wa mwezi wa Julai si mchezo kwa mtoto huyu; mvalishe sweta na soksi. Mpe foliki asidi, na penisilini kwa watoto wadogo, kama alivyoagiza daktari. Chanjo asikose hata moja. Iko dawa nyingine iitwayo haidroksiurea, ambayo hurudisha ile himoglobini ya utotoni na kupunguza maumivu. Uliza juu yake.

Alale ndani ya chandarua kila usiku. Hapa wengi hukosea. Wamesikia kwamba jeni ya mundu hukinga malaria, wakaacha chandarua. Aliyekingwa ni mwenye nakala moja, na hata yeye anaweza kuugua. Mwenye nakala mbili akipata malaria anaweza kufa kwa siku chache. Akipata homa, usingoje asubuhi, wala usianze na mitishamba. Nenda.

Mwaka 2023 Uingereza na Marekani zilikubali matibabu mapya ya kuzirekebisha jeni za chembe zinazotengeneza damu. Bei yake huko Marekani ni zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa sasa sisi tuna maji, sweta, chandarua na kliniki.

Na vijana wanaotaka kuoana? Wanaweza kupimwa kabla ya arusi. Kipimo hakimkatazi mtu kumwoa ampendaye. Kinawaambia tu kilichomo katika vibuyu vyao, na wataamua wenyewe wakijua.

Maswali ya kujadiliana

1. Baba ana punje mbili nyeupe. Mama ana nyeupe na nyekundu. Je, wanaweza kupata mtoto mwenye selimundu? Onyesheni kwa maharage.

2. Kwa nini ugonjwa hauonekani mtoto anapozaliwa?

3. Mtu akihama Ndungu kwenda kuishi Chome, je, jeni zake zitabadilika? Na hatari yake ya kupata malaria?

4. Katika kijiji chenu, watu husema nini nyumba inapofiwa na watoto wawili au watatu? Nani hulaumiwa?

5. Zahanati yenu ina kipimo cha selimundu? Mchagueni mmoja wenu akaulize kabla ya somo linalofuata.